Mwanangu Hamo Daftarini

Madaftari yaliloa wiki ile ya dhoruba, upepo ulipong'oa dirisha na mvua ikaingia mpaka kabatini. Nilipofika kazini niliyakuta yamevimba kama mikate iliyozidi hamira. Mimi nilikuwa mfagiaji wa wodi ya watoto katika hospitali ya upande wa Hombo, Mutsamudu, na kazi yoyote isiyokuwa na mwenyewe ilikuwa yangu. Basi nikayatoa barazani, nikayafungua, na juu ya kila ukurasa nikaweka jiwe ili upepo usiondoke na watoto wa watu.

Sikusoma sana. Nilizaliwa Unguja kwa wazazi wa Kikomoro, nikakaa chuoni mpaka nikahitimu msahafu, nikaenda skuli miaka mitatu, kisha baba akaona mtoto wa kike akishajua kuandika barua inatosha. Baada ya mapinduzi tukarudi kisiwani kwetu Nzwani, mimi nikiwa mwari. Ndiyo maana naandika Kiswahili, na maneno ya wenzangu niliyoyasikia kwa lugha ya kwetu nayageuza humu. Kifaransa cha maofisini nakisikia kama mtu anayesikia jirani wakigombana nyuma ya ukuta: maneno siyajui, lakini mwenye makosa namjua.

Wakati huo kisiwa chetu kilikuwa kimejitenga. Wakubwa walitangaza kwamba Nzwani si Komoro tena, na Moroni, mji mkuu ulioko kisiwa cha Ngazija, ikaona mtoto ametoroka nyumbani. Njia zikafungwa. Ndege haziji, meli haziji, simu imekufa. Mafuta ya taa yaliuzwa kwa vikombe vya kahawa. Wodini kulikuwa na vitanda, wauguzi na dua. Dawa tulikuwa tunazisikia tu.

Muuguzi mkuu wa wodi alikuwa mzee wa makamo yangu, miwani yake imefungwa uzi sikioni. Kwa kuwa hakuwa na dawa ya kugawa, alikaa nami barazani akinakili kurasa zilizoanza kufutika. Alisoma kwa sauti, mimi namshikia mstari kwa kidole.

"Bi mkubwa," akaniambia siku ya tatu, "unaona hawa?"

"Naona wino umekimbia."

"Tazama hawa niliowatilia alama nyekundu. Ukisoma ukurasa mmoja unaona mtoto mmoja anaumwa. Ukisoma madaftari yote haya pamoja unaona njia, kama njia ya mbuzi mlimani. Wanapita palepale."

Akanionyesha. Wapo wa tumbo. Mara ya kwanza mama anakuja kwa jambo jingine, kikohozi au kuhara, anasema mtoto wangu ameshiba, ona tumbo lake. Mara ya pili anasema bandama. Mara ya tatu hasemi kitu. Wapo wa taya: mama anasema jino, kila mmoja anasema jino, na jino lenyewe halijaota. Na wapo wa jicho.

"Jicho la paka," akasema. "Hawa wanakuja kwanza jicho linang'aa tu, mtoto anacheza. Mama anaambiwa ampeleke Moroni. Anayepelekwa papo hapo, mimi hukutana naye njiani miaka mingine: ana jicho moja na begi la skuli. Asiyepelekwa anarudi jicho limetoka kama yai. Kisha harudi."

"Ni nini hiyo?"

"Saratani. Saratani ya watoto. Watu wanadhani ni ugonjwa wa wazee."

Nikasema Mungu atusitiri, nikainuka kwenda kutafuta mawe zaidi. Mawe yalikuwapo ya kutosha.

Alipokwenda kusali adhuhuri nilikaa peke yangu na madaftari. Nikatafuta lile la zamani kabisa, lenye jalada la kitambaa, na ndani yake nikatafuta mwaka ambao mwanangu wa kwanza alikufa. Nilijua hayumo. Nilitafuta vilevile, mstari kwa mstari, kwa kidole.

Jicho lake la kushoto lilianza kung'aa kabla hajaacha ziwa. Mama yangu akasema jini la baharini limempenda. Tukampeleka kwa mwalimu, akamwandikia kombe, tukamnywesha, tukamvika hirizi. Hospitali ilikuwako. Nilipita mbele ya lango lake nikiwa nimembeba mgongoni, nakwenda kwa mwalimu. Alikufa jicho likiwa nje ya kope. Tukatangaza homa. Binti yangu aliyezaliwa baadaye aliambiwa kaka yako alikufa kwa homa, na mimi mwenyewe miaka ilivyopita nikawa nasema homa hata moyoni mwangu.

Sasa sikiliza. Nyumba yetu iko ndani ya mji wa kale wa Mutsamudu, ambako vichochoro ni vyembamba hata jeneza likipita watu huingia majumbani kulipisha. Ushoroba wa nyumba ni giza mchana kutwa. Siku chache baada ya madaftari kukauka nilikuwa nimekaa mlangoni nachagua mchele. Mjukuu wangu, binti wa binti yangu, hajatimiza miaka mitatu, akaja mbio kutoka ndani kuelekea mwanga, akinicheka. Jicho lake la kushoto likang'aa jeupe kama kipande cha sahani.

Ungo ukaniponyoka.

Nikamwita. Nikamziba jicho lile kwa kiganja, akaendelea kucheka na kuokota mchele. Nikamziba la kulia. Akausukuma mkono wangu, akalia, akapapasa hewani kunitafuta, nami niko mbele yake.

Binti yangu alikuwa juu na mtoto mchanga wa kiume, arubaini yake haijaisha. Nikapanda. Mume wake naye alikuwapo, anavaa viatu. Mkwe wangu alikuwa amepewa bunduki na kofia, akilinda lango la bandari pamoja na vijana wa kisiwa. Nikawaambia mtoto anakwenda Moroni.

"Ni upepo tu umempiga," binti yangu akasema. "Wifi yangu anamjua mtu huko Domoni, anasoma na kupuliza."

"Silitukani neno la Mungu. Huyu anataka kisu."

Mkwe wangu akaacha viatu. "Kisu cha Moroni? Mama, mimi nasimama langoni na bunduki kuzuia watu wa Moroni wasiingie, halafu nimpeleke mwanangu kwao wamng'oe jicho? Wenzangu watasemaje?"

"Watasema una mtoto hai."

"Tungoje mambo yatulie."

"Jicho halingoji mambo yako yatulie."

"Na akikua? Msichana mwenye jicho moja nani atamwoa?"

Hapo ndipo alipokosea. Kwetu mwanamume ndiye anayehamia kwa mke. Nyumba ni ya mwanamke, hutoka kwa mama kwenda kwa binti, na mume huingia na sanduku lake la nguo, siku ya talaka hutoka nalo. Kijana yule alikuwa amelala chini ya dari yangu miaka minne.

"Mwenye nyumba haolewi kwa macho," nikamwambia. "Wewe hukumwoa binti yangu kwa macho. Ulianza kuitazama ngazi ya mawe na vyumba vya juu, yeye ukamwona baadaye. Basi leo, mbele yenu nyote wawili: nyumba hii, baada ya mama yake, ni ya huyu. Hata wakizaliwa dada kumi wenye macho kama taa, ni ya huyu. Mwite kadhi aandike. Watakuja kuposa mpaka utawafukuza kwa bunduki yako."

Binti yangu akaanza kulia. Mkwe wangu akainama kufunga kamba za viatu, akazifunga kwa muda mrefu sana. Alipofika mlangoni akasema bila kugeuka, "Ijumaa, watu wakienda msikitini, langoni hubaki mtu mmoja. Ijumaa hii ni zamu yangu."

Sikuwaambia kwa nini nilikuwa na yakini. Waliniona mzee mwenye vitisho, nikawaacha waone hivyo.

Ijumaa tulipita langoni imamu akiwa kwenye hotuba. Mkwe wangu alitazama upande wa mlima kana kwamba mlima ndio ungeshambulia. Nilipompita akanyoosha mkono bila kututazama, akagusa kisigino cha mwanawe mgongoni mwangu. Safari ya boti siielezi. Tulitapika, tukaloa, tukafika.

Ufukweni Ngazija nilipanda teksi ya watu wengi mpaka mjini, na njia nzima nilisema Kiswahili. Lugha ya Nzwani ukitamka maneno matatu tu Moroni, wanajua umetoka wapi, na siku hizo kujulikana kulikuwa hatari. Dereva akaniuliza, "Koko, umetoka Zanzibar?" Koko ni bibi, kwao na kwetu.

"Nilizaliwa huko," nikasema. Haukuwa uongo.

Nilikuwa na shoga yangu mtaa wa Badjanani, karibu na msikiti wa Ijumaa wa zamani. Tulikaa mkeka mmoja chuoni Unguja. Yeye wazazi wake Wangazija, wakarudi kwao kama sisi tulivyorudi kwetu. Alipofungua mlango hakunisalimu.

"Vua hilo."

Nilikuwa nimejitanda shiromani yangu, shuka nyekundu na nyeupe ya wanawake wa Mutsamudu. Akanivuta ndani, akaikunja yeye mwenyewe, akaniletea leso mbili za Kingazija. Kisha akanishika mkono akanionyesha kwa upenyo wa dirisha mlango wa ng'ambo ya kichochoro. Ulikuwa umepigiliwa misumari.

"Walikuwa watu wa kwenu," akasema. "Wauza vitambaa. Miaka ishirini majirani zangu, nimewakanda watoto wao. Siku vijana walipozunguka mitaani wanatafuta watu wa Nzwani, hawakuulizwa miaka mingapi. Walishushwa pwani na nguo walizovaa. Mimi nilisimama hapa hapa dirishani."

"Ukafanya nini?"

"Nilisimama dirishani, nimekwambia."

Akafunga dirisha. Kisha akasema, "Kuanzia leo wewe ni binamu yangu wa Zanzibar. Huyu ni mjukuu wangu mimi, si wako."

"Na mdomo wake nani ataufunga? Anasema Kinzwani kama kasuku."

"Mpe kitu kitamu. Asiache kutafuna mpaka mrudi."

Ndivyo mjukuu wangu alivyoiona Moroni: kipande cha muwa mdomoni tangu asubuhi mpaka jioni.

Dirisha la kuandikisha wagonjwa lilikuwa na foleni. Karani, msichana mwenye kalamu mbili kichwani, aliandika bila kuinua uso.

"Mtoto wa wapi?"

"Badjanani," shoga yangu akajibu.

"Wa nani?"

"Mjukuu wangu. Mama yake yuko arubaini, hawezi kuja."

Kalamu ikapita. Nilikuwa nimesimama nyuma ya shoga yangu na mtoto begani, mtu wa Zanzibar asiyehusika, nikashusha pumzi. Nilidhani tumeshavuka.

Daktari wa macho alikuwa kijana wa Mvouni, kule juu ya mji, anashuka kila asubuhi kwa teksi kama sisi. Alikijua Kiswahili kidogo. Alimmulika mjukuu wangu muda mrefu, mtoto akitafuna muwa na kumtazama kwa jicho lake moja zima. Akazima tochi.

"Ni saratani," akasema. "Jicho hili lazima litoke. Likitoka sasa, mtoto anabaki. Tukichelewa itafuata mshipa iingie kichwani. Keshokutwa nina nafasi."

Shoga yangu akatia leso mdomoni. Mimi nilikuwa nimeshalia Mutsamudu, nikakubali kwa kichwa.

"Swali jingine," daktari akasema. "Katika ukoo, yuko mwingine aliyekuwa na hivi? Mjomba, mtoto aliyekufa mdogo, yeyote?"

"Hakuna, dokta," shoga yangu akasema haraka. "Kwetu tuna macho ya tai."

Alikuwa anasema kweli, maskini. Kwao hakuna.

"Vizuri. Kama hakuna, mara nyingi huwa ni jicho moja na yakaisha. Angekuwapo, jicho hili la pili nisingeliamini. Ningemlaza kwa dawa kila baada ya miezi michache nilichungulie mpaka ndani. Na ndugu zake wachanga wote ningewataka hapa, kabla jicho halijaanza kung'aa. Lakini kulazwa hivyo si mchezo kwa mtoto, na dawa ya kulaza ninayo kidogo. Siwezi kuitumia bila sababu."

Akavuta daftari lake kuandika. Nilikuwa nimeshika kurasa za namna ile wiki nzima, mkono wangu ulizijua. Akashusha kidole mstari kwa mstari kutafuta nafasi, mimi nikafuata kidole.

"Ajabu moja," akasema, kama mtu anayezungumza na daftari. "Zamani wagonjwa wangu wa jicho hili wengi walitoka Nzwani. Tangu ugomvi huu uanze, hayupo hata mmoja. Juzi wameniuliza maofisini kama ugonjwa umekwisha kule. Sasa wote ni wa hapa mjini. Badjanani, Badjanani, huyu Badjanani tena."

Herufi nazijua. Niliyaona maneno yale yamepangana kama shanga. Badjanani ni vichochoro vya mtu kumaliza kwa miguu kabla ubwabwa haujaiva. Ina nyumba ngapi hata iwe na watoto wote wale wenye jicho moja? Nikawaona waliosimama dirishani kabla yangu, bibi mmoja baada ya mwingine, wamevua shiromani, watoto wao wanatafuna muwa. Ugonjwa haukuwa umepungua Nzwani. Zilizopungua ni boti, na waliofika walifika kwa majina ya watu wengine, kama mimi. Na kila mmoja wao, daktari alipomuuliza habari za ukoo, alisemewa na ukoo usiokuwa wake.

Nikafungua mdomo. Shoga yangu akanikanyaga mguu.

Tulirudi Badjanani. Alipofunga mlango na komeo ndipo aliponigeukia.

"Nimekuona. Ulitaka kusema."

"Yuko," nikasema. "Katika ukoo yuko. Mwanangu wa kwanza."

"Wa homa?"

"Haikuwa homa."

Akakaa chini. Yeye alikuja matanga yangu miaka ile, alivuka bahari kuja kunipa pole ya homa.

"Basi kamwambie daktari peke yake, sikioni," akasema.

"Nimwambie nini? Kwamba mwanangu alikufa hivyo? Atauliza wewe ni nani kwa huyu mtoto. Kwenye daftari ni mjukuu wako. Na yule mchanga aliyeko Mutsamudu, daktari atamwita kutoka wapi, Badjanani?"

"Ukisema wewe ni nani, unanisema na mimi. Karani yule ni mtoto wa mtaa huu. Jioni kila mtu atajua nani amemficha mtu wa Nzwani. Misumari iliyobaki pale ng'ambo inatosha mlango wangu pia."

"Najua."

"Unajua, na utasema?"

"Mwanangu nilimficha kwa sababu ya watu watasemaje. Nikamzika. Huyu ana jicho moja limebaki, shoga. Moja."

Aliinuka akaenda jikoni, nikasikia anaosha vyombo vilivyokuwa safi. Mtoto akaja mapajani kwangu, akaniziba jicho kwa kiganja kama nilivyomziba mimi, akaona mchezo. Nikamwacha anizibe.

Asubuhi nilifungua kasha la shoga yangu, nikatoa shiromani yangu, nikajitanda. Alikuwa amesimama mlangoni.

"Ukitoka na hilo, pita mlango wa nyuma."

Nikapita mlango wa nyuma, mtoto mgongoni. Vichochoro vile vina masikio. Wavuvi wawili waliokuwa wanauza samaki kwenye sinia waliacha kunadi. Mwanamke mmoja alimvuta mwanawe ndani, akafunga mlango. Kijana mmoja alinifuata kutoka kona mpaka kona akipiga mluzi, sikugeuka. Nilihesabu hatua kwa Ayatul Kursiyi. Nilipofika barabarani niligeuka kidogo kumrekebisha mtoto, nikamwona shoga yangu nyuma yangu, hatua kumi, anatembea kama mtu asiyenijua. Mkononi ana kipande cha muwa.

Foleni ya dirishani ilinipisha. Haikuwa heshima.

"Binti," nikamwambia karani kwa lugha ya Nzwani, yenyewe, kama ninavyoisema sokoni kwetu. "Jana umeandika mtoto huyu ni wa Badjanani. Futa. Andika Mutsamudu."

Akainua uso kwa mara ya kwanza. "Koko, jina likishaandikwa halifutwi."

"Mimi nimeanika madaftari kama haya kwa mikono hii. Yanafutika. Mvua huyafuta, na wewe una kalamu mbili."

Mtu mmoja nyuma akasema, "Waende wakatibiwe kwenye nchi yao mpya." Wengine wakacheka kidogo, kicheko cha kujaribu. Karani akatazama foleni, akanitazama, akamtazama shoga yangu aliyekuwa amefika ubavuni mwangu bila kusema neno. Wanajuana, ni mtoto wa mtaani kwao.

"Huyu ni nani kwako, Mama?" karani akamuuliza.

Shoga yangu akampa mtoto kile kipande cha muwa.

"Mwenzangu wa chuoni," akasema. "Andika anavyokwambia."

Karani akapiga mstari. Mutsamudu. Nikamwambia aandike na mtaa, akaandika na mtaa. Nilipogeuka, mwanamke mmoja kijana aliyekuwa katikati ya foleni, leso ya Kingazija kichwani, mtoto ana bandeji usoni, akanitazama kisha akatazama chini. Baadaye nilipokuwa nimekaa kwenye korido alipita karibu yangu, akainama kama anayeokota kitu, akaniuliza kwa lugha yetu, chini kwa chini, "Koko, kwenu ni mjini au Hombo?" Sikupata kumjibu, alikuwa ameshakwenda.

Kwa daktari nilisema yote. Jicho, kombe, hirizi, lango la hospitali nililolipita. Nilisema na mwezi aliokufa. Hakunilaumu, na ningependa anilaumu. Aliandika ukurasa mzima, kisha akarudi nyuma kwenye daftari lake, akawa anatazama zile Badjanani zake moja moja, kalamu imesimama.

"Hawa wote?" akaniuliza.

"Wa wenzangu siwezi kuwasemea. Waulize tena, mlango ukiwa umefungwa."

Jicho la mjukuu wangu lilitoka siku iliyofuata. Siku ile ile, akiwa bado amelala kwa dawa, daktari alilichungulia la pili mpaka ndani kabisa. Akakuta doa. Dogo, alisema, kama mbegu ya ufuta, mahali ambapo tochi ya mkononi isingelifikia kamwe. Angekuwa mtoto wa Badjanani asiye na ugonjwa huu ukooni, lingengojewa mpaka ling'ae. Alitupa barua ya Dar es Salaam, na huko doa likachomwa. Kiswahili changu kikafaa tena, safari hii bila kumdanganya mtu. Mdogo wake aliletwa Moroni, akawa anachunguzwa kila mara mpaka alipofika umri wa skuli. Macho yake mazima, anayatumia kutazama mpira.

Shoga yangu hawakumfanya kitu. Kuna aliyempaka kinyesi cha mbuzi mlangoni, akakisugua, akaja kunisimulia akicheka kwa hasira. Mlango wa ng'ambo ukabaki na misumari yake.

Niliporudi Mutsamudu nilimweleza binti yangu kaka yake alikufaje. Hakusema nami siku nyingi. Alikuwa na haki, nami sikumwomba aache. Mume wake ndiye aliyekuja kunikalia karibu siku moja, kofia mkononi, akasema, "Mama, yule kadhi, nimemwita." Nyumba iliandikwa. Leo mwenye nyumba, mjukuu wangu, ana watoto, na walikuja kuposa wengi, nami nilikuwa nakaa kwenye ngazi nawakagua mmoja mmoja kama samaki. Ananisomea haya ninayoyaandika kwa jicho lake la kulia, na ananikosoa.

Jambo moja nililifanya kabla hata ya kupumzika ile safari ya kwanza. Nilikwenda Hombo nikamkuta muuguzi barazani. Madaftari yalikuwa yamekauka, yamerudi kabatini, yamekunjamana kama mimi. Nikamwomba alitoe lile la jalada la kitambaa, na kalamu yake nyekundu.

"Nina mtoto wa kuandika," nikamwambia, nikamtajia mwaka.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Bi mkubwa, daftari hili ni la waliokuja. Huyu hakuja."

"Ndiyo. Andika jina lake, na mtaa, na jicho la kushoto. Halafu mwisho wa mstari andika: hakuletwa."

Akafungua ukurasa. Nikamshikia mstari kwa kidole.